Kipupwe na madirisha yaliyofungwa: virusi hewani kwenye vyumba vya Nyanda za Juu Kusini

Kipupwe kikishika, kuanzia Uyole hadi Makete, kitu cha kwanza watu wanachofanya ni kufunga. Madirisha ya darasa, vioo vya daladala, milango ya kanisa. Hata yale matofali ya matundu karibu na dari huzibwa kwa gazeti au kipande cha gunia. Wiki chache baadaye mafua yanapita darasa zima na lawama zote zinabebeshwa baridi. Baridi haina virusi. Virusi viko kwenye hewa ambayo watu 60 wanaivuta na kuitoa ndani ya chumba kimoja bila kubadilishwa.

Mtu akiongea, akiimba au akikohoa hutoa vitone vya ukubwa tofauti. Chenye upana wa mikroni 100, yaani sehemu moja ya kumi ya milimita, huanguka sakafuni ndani ya sekunde 5 au 6. Cha mikroni 5 huchukua kama nusu saa kushuka kutoka usawa wa mdomo, tena kama hewa imetulia tuli. Chumba chenye watu hakitulii: joto la miili huipandisha hewa juu, na chembe hizo husambaa kila kona kama moshi wa sigara. Kukaa mbali mita 1 au 2 kunasaidia, ila hakutoshi kwa anayeshinda humo saa nzima. Virusi vya surua vinaweza kubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kutoka. Na kupulizia dawa kwenye madawati, kazi inayopendwa sana kwa sababu inaonekana, hakugusi hewa hiyo.

Mwezi Machi 2020, jimbo la Washington, Marekani, wanakwaya 61 walifanya mazoezi wakiwa na mwenzao mmoja mwenye dalili za korona. Waliougua walihesabiwa 53, yeye akiwemo. Kuimba hutoa chembe nyingi kuliko kuongea, na mazoezi ya kwaya huwa marefu. Kwaya zetu zinafanya mazoezi jioni, milango imefungwa. Kama kuna uwanja au kibaraza, mazoezi ya Juni hadi Agosti yafanyike huko mchana. Ikishindikana, yakatwe vipande vya dakika 30, watu watoke, na chumba kiachwe wazi kila upande.

Namna nzuri ya kujua hewa imechoka kiasi gani ni kupima hewa ukaa (kaboni dioksidi). Yenyewe haiambukizi mtu, lakini inatoka kwenye mapafu yaleyale yanayotoa virusi. Nje kuna kama sehemu 420 katika milioni. Pumzi inayotoka mdomoni ina kama 40,000. Chukua darasa la mita 8 kwa 6, dari mita 3, wanafunzi 60, kila kitu kimefungwa. Kila dakika 10 kiwango kinapanda kwa sehemu 1,000 hivi. Kipindi cha dakika 40 kikiisha kimepita 4,000, maana yake katika kila pumzi 10 anazovuta mtoto, moja ni hewa iliyokwisha kutoka kwenye mapafu ya mwingine.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau lita 10 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mtu kwenye majengo ya kawaida. Ukilifikia hilo kwa watu wazima waliokaa, kipimo kitasimama karibu na 900. Darasa letu linahitaji lita 600 kwa sekunde, yaani hewa yote ibadilike mara 15 kwa saa. Mwalimu atasema watoto wataganda. Hapa ndipo hesabu inapowasaidia watu wa baridi. Watoto 60 hutoa joto linalokaribia la hita 4 za wati 1,000. Hata hewa ikipita kwa kiwango hicho chote, darasa hubaki na joto la nyuzi 6 au 7 juu ya nje. Na tofauti hiyo ya joto ndiyo inayosukuma hewa: ya moto inapanda na kutoka juu, ya baridi inaingia chini. Tofauti ikiwa nyuzi 12, uwazi uleule hupitisha hewa mara mbili ya ile inayopita kwa tofauti ya nyuzi 3. Kwa maneno mengine, siku ya baridi bila upepo, dirisha linafanya kazi vizuri kuliko siku ya joto bila upepo.

Mahali pa kufungua pana uzito kuliko ukubwa wa uwazi. Dirisha moja lenye uwazi wa mita ya mraba 1, upande mmoja tu, kwa tofauti ya nyuzi 7 na bila upepo, hupitisha kama lita 100 kwa sekunde: watu 10. Uwazi huohuo ukiugawa, nusu mita chini na nusu mita juu, kimo kati yake kikiwa mita 2, unapata kama lita 200: watu 20. Kwa darasa la watoto 60 ni mita 1.5 za mraba chini na nyingine 1.5 juu. Mlango unatosha kuwa uwazi wa chini. Juu fungua vioo vya luva vya upande wa pili, na zibua yale matundu ya matofali. Dawati la kwanza lisogezwe mbali na mlango, kwa sababu hapo ndipo baridi inapouma miguu, na anayekaa hapo ndiye atakayeufunga mwalimu akigeuka ubaoni.

Kinachoharibu mpango huu ni vitu vidogo. Dirisha la alumini la kusukuma pembeni hufunguka nusu tu, kwa hiyo la mita 1.5 kwa 1.2 linakupa 0.9, si 1.8. Wavu wa mbu uliojaa vumbi na masizi unapunguza zaidi, uoshwe. Halafu kuna tabia ya kufungua dakika 5 wakati wa mapumziko na kufunga tena: baada ya dakika 10 za kipindi kiwango kimeshapanda tena kwa sehemu 1,000. Kidogo muda wote ni bora kuliko kingi mara moja. Feni ya mezani ikiwekwa katikati huzungusha hewa ileile. Igeuzie dirishani itoe nje.

Na jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwa kisingizio cha kufidia baridi ya dirisha. Monoksidi ya kaboni, gesi inayotoka kwenye mkaa unaowaka, haina harufu, na inaua waliolala.

Daladala ina sheria zake. Hiace ina hewa ya mita za ujazo kama 10. Abiria 20 ndani, vioo vimefungwa, hewa ukaa hupanda kwa sehemu 600 hivi kila dakika. Gari likitembea, vioo viwili vikiwa wazi, kimoja mbele na kingine nyuma upande wa pili, hewa hubadilika haraka sana. Hatari kubwa ni kwenye vituo vya Mbeya kama Kabwe au Mwanjelwa gari likisubiri kujaa: dakika 10 za kusubiri na kufunga, karibu pumzi 1 kati ya 7 ni ya abiria mwenzako. Konda aache mlango wazi hadi gari liondoke, na dereva azime kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani.

Kwenye zahanati hesabu ni ya muda. Mgonjwa akishatoka, chumba kinachobadilisha hewa mara 12 kwa saa huondoa asilimia 99 ya chembe kwa dakika 23. Mara 6, dakika 46. Mara 2, zaidi ya saa 2. Huo ndio muda wa kusubiri kabla ya kumwingiza mwingine, hasa kwa mtu anayeshukiwa surua au kifua kikuu, ambacho ni bakteria lakini husafiri vilevile. Mhudumu avae barakoa ya N95 iliyobana uso. Ya kitambaa inavujisha pembeni.

Ukinunua kipimo cha hewa ukaa, chagua kinachotumia mwanga wa infraredi, kisha angalia mwinuko. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na kanieneo la hewa ni kama asilimia 82 ya lile la pwani. Kipimo kisichorekebishwa kitasoma 345 nje badala ya 420, na kikikuonyesha 1,000 darasani, ukweli ni kama 1,200. Weka mwinuko kwenye mipangilio. Kama hakina sehemu hiyo, gawanya namba kwa 0.82. Vingi hujirekebisha vyenyewe kwa kuchukua kiwango cha chini kabisa cha wiki kuwa ndiyo hewa ya nje, kwa hiyo kikiachwa bwenini kusikoingia hewa safi kitaanza kudanganya. Kitoe nje nusu saa, mbali na jiko na pumzi yako, angalau mara moja kwa wiki.