Tarakimu Kubwa za Mapigo katika Nakala ya Kiongozi wa Kwaya

Hapa Moshi, sharika nyingi za Kilutheri zina kwaya na pia kikundi cha tarumbeta, na siku ya sikukuu makundi hayo huungana katika wimbo mmoja. Mwalimu anayeongoza huhitaji nakala yenye sauti zote: safu nne za waimbaji na nne za tarumbeta, kila safu na mistari yake mitano, zote kwenye karatasi ya A4. Ili zienee, kimo cha safu hupunguzwa hadi milimita 4 hivi. Kwa kuwa kila tarakimu ya mapigo (zile mbili zinazopangwa juu na chini mwanzoni mwa wimbo kuonyesha mapigo yake) kwa kawaida hujaza nusu ya kimo hicho, 6 na 8 za wimbo wa 6/8 hubaki na milimita 2 tu kila moja, nazo ni ndogo mno kwa mtu anayewatazama waimbaji na kutupia jicho karatasini mara mojamoja.

Tuchukue wimbo unaokwenda kwa 6/8, kisha kipimo kimoja (sehemu ya muziki kati ya mistari miwili ya wima) kikaja kwa 3/4. Vyote viwili vina nota sita za moja ya nane na urefu wao ni ule ule, lakini mkono uliokuwa ukipiga mara mbili sasa unatakiwa kupiga mara tatu. Mwalimu asipoiona alama hiyo mapema, besi na tarumbeta wataachana papo hapo. Ndiyo sababu nashikilia kwamba nakala ya kiongozi iwe na tarakimu kubwa, na nakala za waimbaji zibaki na zile za kawaida, maana mwimbaji anafuata sauti yake moja iliyo karibu na macho, na tarakimu kubwa zitamlia nafasi ya maneno.

Njia ninayoipinga, katika programu za kompyuta za kuandikia nota, ni ya kuficha alama halisi, kuandika tarakimu kama maandishi ya kawaida, kuyakuza na kuyaburuta hadi yakae panapotakiwa. Programu haitambui kwamba maandishi hayo ni alama ya mapigo, kwa hiyo haiyatengei nafasi. Ukibadilisha tu upana wa ukurasa, nota husogea na tarakimu zikajikuta zimezikalia. Tatizo hilo huonekana zaidi wakati wa kuhamisha kazi. Tangu Agosti 2024, kampuni ya MakeMusic ilipotangaza kusitisha uendelezaji wa Finale, programu yake ya kuandikia nota, mwenye mafaili yake hana budi kufikiria kuyahamishia kwingine kwa MusicXML, muundo wa faili unaosomwa na programu mbalimbali za nota, na katika safari hiyo maandishi yaliyoburutwa kwa mkono hayana uhakika wa kufika mahali pake.

Programu ya Dorico imelishughulikia jambo hili vizuri kuliko programu nyingine nilizozitumia. Katika mipangilio ya nakala husika unachagua tarakimu zikae katika kila safu, zitokee mara moja kwa kila kundi la safu, au zipande juu ya safu zote, na uchaguzi huo hauzigusi nakala za waimbaji. Katika MuseScore, ambayo ni ya bure, unaweza kuichagua alama yenyewe na kuongeza upana na urefu wake kwa asilimia, kisha ukazificha zile za safu nyingine. Hapo alama inabaki kuwa alama halisi. Anayetumia programu ya LilyPond ajue kwamba kila hatua 6 za ukubwa wa fonti huzidisha kimo mara mbili.

Tarakimu zikikuzwa pande zote hunenepa na kusukuma nota, hasa 12/8 yenye tarakimu mbili juu. Nakala za muziki wa filamu hutumia tarakimu ndefu na nyembamba kwa sababu hiyo, nami nazipendelea. Wimbo ukibadilisha mapigo karibu kila kipimo, ni bora tarakimu zikae juu ya safu, mahali ambapo hazili nafasi ya nota, mradi maneno ya mwendo (yanayoonyesha kasi ya wimbo) yasogezwe yasigongane nazo.

Kabla ya kupeleka PDF steshenari, mwambie mchapaji achape kwa asilimia 100, kwa kuwa chaguo la kuzienesha kurasa kwenye karatasi mara nyingi huzipunguza. Kisha weka ukurasa mmoja kwenye stendi, usimame pale utakaposimama Jumapili, na kama bado unalazimika kuinama, ongeza ukubwa kabla nakala nyingine hazijachapwa.