Siku Moja Chini ya Pijo 504

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi tayari nimechuchumaa. Voi kwa saa hiyo bado kuna kaubaridi, na mimi nauwahi ubaridi huo kwa sababu ikifika saa nne bati la pikapu halishikiki. Naondoa turubali, nawafukuza kuku waliolala nyuma, navuta waya wa stima kupitia dirisha la jikoni, na mke wangu analalamika kama kawaida kwamba nguo zake zitanuka moshi.

Gereji yangu haina bango wala geti la mabati lenye picha ya spana. Ni ua wa nyumba, mwarobaini mmoja na kipande cha reli kuukuu ninachokunjia bati. Jirani mmoja alimuuliza mke wangu nitatafuta kazi lini. Akiona ua wetu anaona skrapa. Mimi naona Peugeot 504 pikapu ambayo miaka yake yote ya kazi imekuwa ya kubeba zaidi ya tani moja, ya mwalimu mstaafu wa Wundanyi aliyekuwa akiteremsha kabichi na nyanya hadi soko la hapa kupitia Mwatate. Enzi hizo Pijo za namna hii ziliunganishwa papo hapo Mombasa, na kila mji ulikuwa na mtu anayezijua. Sasa tumebaki wa kuhesabika.

Asubuhi hii kazi ni sakafu ya dereva. Kabla Mwalimu hajainunua, pikapu ilibeba samaki Pwani, na maji ya chumvi yakajificha chini ya mpira wa sakafu hadi bati likaoza. Ukikaa kwenye usukani unaiona ardhi. Nimeshakata bati la geji 18 na kulikunja. Sasa kuchomelea. Watu hudhani unapiga mstari mmoja tu kama mtu anayechomelea geti. Ukifanya hivyo kwenye bati jembamba, linapinda na kuinuka katikati, na hakuna puti itakayoficha. Unadonoa hapa, unaruka unadonoa upande wa pili, unaacha lipoe. Unadonoa tena. Katikati ya donoa na donoa hufanyi chochote, umekaa tu unaliangalia. Ndiyo maana anayepita barabarani anaona fundi amelala kazini. Kazi hii nusu yake ni kusubiri, na kusubiri huko hakuna mteja anayekulipa.

Saa tatu chai na mahamri. Spanaboi wangu, mwanagenzi ninayemfundisha kazi, anafika na pikipiki ya kuazima, namtuma ofisi ya basi akachukue mzigo kutoka Nairobi: mipira ya silinda za breki za nyuma. Naagiza kwa mzee mmoja wa Kirinyaga Road, barabara ambayo wenye umri wake bado wanaiita Grogan, jina lake la zamani. Nusu saa baadaye simu inalia. Basi lilipita Voi usiku, mzigo haukushushwa, umekwenda Mombasa. Utarudi na basi la jioni. Labda.

Basi, breki zingoje. Naseti tapeti, ule mwanya mdogo juu ya valvu, injini ikiwa baridi: milimita 0.10 valvu za kuingiza, 0.25 za kutoa moshi, na pointi za cheche 0.40. Injini hii naipenda, nasema wazi. Ukiiua silinda huhitaji kuipeleka kuchongwa: unang'oa slivu, lile bomba ambalo pistoni inapanda na kushuka ndani yake, pamoja na pistoni, unaweka seti mpya ya milimita 84, unaendelea. Maji yanaizunguka slivu yenyewe, kwa hiyo kazi yote iko kwenye sili za chini. Zikikaa vibaya, wiki mbili baadaye oili inageuka rangi ya maziwa. Hizi nilizikagua kwa kurunzi moja baada ya nyingine, na hilo hakuna atakayeliona, kwa sababu liko ndani.

Saa sita na jua la Voi, Mwalimu anafika. Nampa shikamoo. Ameandamana na mpwa wake anayefanya kazi kwenye gereji kubwa Mombasa, ile ya kuchomeka kompyuta kwenye gari na kompyuta kusema ugonjwa. Kijana ana miwani ya jua na ovaroli safi. Neno lake la kwanza:

"Fundi, mbona rangi bado?"

Namweleza kwamba rangi ni ya mwisho. Anazunguka. Anagonga mlango kwa kidole. Anauliza kwa nini sikununua sakafu nzima. Inauzwa wapi, kijana? Anauliza kwa nini nisitoe injini hii nikaweka ya Toyota. Mwalimu anakohoa. Huyu mzee bado anaitaja Safari Rally ya 1975, Ove Andersson alipoishinda kwa 504, na mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland wa Dar es Salaam alipoichukua mara mbili mfululizo kwa Pijo 404. Kumwambia aweke injini ya Toyota ni kama kumwambia abadilishe ukoo. Kijana halioni hilo, anaendelea: Mwalimu ana harusi Jumamosi, gari linatakiwa kesho, na kama injini iko tayari, kinachochelewesha ni nini?

"Breki."

"Si utashuka na gia?"

Kushuka Wundanyi na gia. Kwa zile kona. Nasimama kwanza nifute mikono, ili nisijibu.

Simu inalia, ni spanaboi, naenda kwenye kivuli kumsikiliza. Narudi namkuta kijana ameinama kwenye injini, anachomeka waya za plagi. "Nimekurekebishia, fundi. Ulikuwa umezigeuza. Namba moja iko mbele." Kabla sijafungua mdomo Mwalimu, aliyekuwa ameshaketi kwenye kebini akiusikilizia ule usukani wake, anazungusha ufunguo.

Mlio ule ulisikika hadi msikitini. Moto ukatoka kwenye koo la kabureta, kuku wakaruka ukuta, mke wangu akatoka na kijiko mkononi. Kijana karudi nyuma hatua tatu, miwani iko chini. "Unaona? Kabureta yako mbovu."

Sikupiga kelele. Niliangalia kwanza kama mpira wa mafuta umeshika moto, haukushika. Kisha nikafungua kifuniko cha tapeti, nikamwita, nikamwita na spanaboi aliyekuwa amerudi mikono mitupu, ajifunze. Nikazungusha injini kwa mkono hadi alama. Angalia tapeti za silinda ya nyuma, hii iliyo upande wa flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini: zote mbili zimelegea, zinacheza, maana yake valvu zimefungwa na silinda inangoja cheche. Sasa angalia ya mbele: moja inamalizia kufunga, nyingine inaanza kufungua. Kwa Mfaransa huyu namba moja iko nyuma, kwenye flaiwili. Mpangilio wa silinda kuwaka, 1-3-4-2, haubadiliki, uhesabu kutoka mbele au nyuma. Kilichohama ni nusu mzunguko wa distribyuta, kile kinachogawa cheche kwa kila plagi, kila waya umekwenda upande wa pili. Cheche inapiga wakati valvu ya kuingiza inaanza kufunguka, na moto unakimbilia mahali palipo wazi, kwenye kabureta.

Kijana akatazama muda mrefu. "Sisi gari zote namba moja iko mbele."

"Hii haijui gari zenu," Mwalimu akasema kutoka kwenye kebini. "Shuka... hapana, mimi ndiye nashuka. Fundi, rudisha zako."

Nikarudisha. Ikawaka kwa mzunguko wa pili, ikakohoa, ikatulia kwenye ule mlio wake mzito unaoujua hata ukiwa umefumba macho. Nikaiacha ichemke, nikakagua maji, oili, kila kiungo cha mpira. Kavu. Mwalimu hakusema kitu, alisimama tu ameshika kofia yake. Kijana aliuliza kama sasa wanaweza kwenda nayo.

Waliondoka kwa bodaboda, hatujakubaliana juu ya Jumamosi.

Mchana baada ya hapo siukumbuki vizuri kwa saa. Kuna mahali nilikula maharagwe nimesimama. Nilisaga maungio ya sakafu kwa grinda, nikapaka redi oksaidi, kisha stima ikakatika na grinda ikanyamaza, nikaendelea kwa msasa wa mkono hadi vidole vikafa ganzi. Mgongo nao. Injini ilipopoa kabisa nilikaza tena bolti za silinda hedi, maana gasketi mpya hulala baada ya joto la kwanza. Anayeruka hatua hiyo anarudishiwa gari akiwa ameshatumia pesa yake.

Mzigo ulifika giza limeshaingia, boksi limelowa upande mmoja sijui kwa nini. Nilifungua kwa tochi ya simu na kupima kipenyo cha mipira dhidi ya silinda nilizozifungua. Ni saizi yenyewe. Lakini silinda ya kushoto ndani ina mashimo ya kutu. Ukiweka mpira mpya humo utavuja kabla ya kufika Mwatate, kwa hiyo ni silinda nzima, na hiyo ni Nairobi tena.

Nikampigia Mwalimu. Nikamwambia injini ni nzima, sakafu imefungwa, na Jumamosi atafute gari la kukodi.

"Na mpwa wangu akisema...?"

"Mwambie aje Jumatatu asubuhi na ovaroli yake, Mwalimu. Kuna ngoma mbili za breki za kusafisha."

Akacheka, akasema atamwambia. Kisha akauliza bei ya silinda.