Siku moja maishani mwangu: mkufunzi wa uchambuzi wa uhalifu

Saa 12 asubuhi huwa nimeshafungua faili litakalotumika darasani. Majalada yaliyomo ni ya kutunga, yote ya wizi wa kuvunja nyumba, lakini kasoro zake ni zile zile zinazokutwa katika kumbukumbu za polisi: jina la mtaa mmoja limeandikwa kwa tahajia tatu, tukio moja limeingizwa mara mbili, na safu ya saa imejaa sifuri kwa sababu aliyejaza fomu hakujua saa ya tukio. Naziacha kasoro hizo makusudi, kwa kuwa asiyejifunza kusafisha data hapa atakwenda kuchora ramani nzuri za mambo ambayo hayakutokea.

Saa 2 darasa linaanza. Wamo askari wa doria, wapelelezi, makarani wa ofisi za mashtaka na raia walioajiriwa kuwa wachambuzi, na wengi wao wamekuja wakitarajia kufundishwa programu ya kompyuta tu. Nawakumbusha kwamba kazi hii ilianza zamani: mwaka 1829, André-Michel Guerry na Adriano Balbi walichapisha ramani zilizolinganisha uhalifu na kiwango cha elimu nchini Ufaransa, na matokeo yake hayakuunga mkono imani ya wakati ule kwamba penye elimu zaidi uhalifu hupungua. Nataka waone mapema kwamba ramani inaweza kumpinga aliyeichora, na kwamba akikubali kupingwa nayo ndipo inapomfaa.

Saa 3 tunaingia kwenye zoezi lenyewe. Kila mmoja anaweka matukio kwenye ramani, na baada ya muda doa kubwa jekundu linajitokeza karibu katika kila skrini. Mpelelezi mmoja anapendekeza doria ihamishiwe pale mara moja. Karani aliyekaa nyuma yake, ambaye hajawahi kwenda doria, anarudi kwenye jedwali na kusoma mstari mmoja mmoja, kisha anauliza kwa nini matukio yote ya pale hayana anwani. Jibu ni kwamba doa lile ni kituo cha polisi: mfumo umeyapeleka pale matukio yote ambayo mahali pake hapakujulikana. Simsaidii mtu yeyote kabla ya hapo, hata darasa likikaa kimya kwa muda mrefu, kwa kuwa tabia ya kurudi kwenye jedwali haijengwi kwa kuambiwa.

Saa 5 tunashughulikia muda, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mwenye nyumba aliondoka saa 2 asubuhi, akarejea saa 10 jioni na kukuta mlango umevunjwa. Wizi ulitokea saa ngapi? Tukiandika saa ya kuondoka, askari watatumwa asubuhi. Tukiandika saa ya katikati, watatumwa saa 6 mchana. Na hakuna ushahidi wa lolote kati ya hayo. Kwa hiyo tunaligawa tukio hilo katika saa nane, kila saa ikipata 0.125. Jirani yake alikuwa nje kuanzia saa 6 hadi saa 8 mchana tu, hivyo kila saa kati ya hizo mbili inapata 0.5. Matukio yakijumlishwa kwa namna hiyo, inayoitwa uchambuzi wa aoristiki, saa zenye uzito mkubwa hujitokeza bila mtu kubuni chochote.

Baada ya chakula, saa 8 mchana, mjadala huwa mkali. Nawaeleza utafiti wa mji wa Minneapolis, Marekani, uliochapishwa mwaka 1989, ambao ulionyesha kwamba takribani asilimia 3 ya anwani zilitoa nusu ya simu zilizopigwa kwa polisi. Ni matokeo yenye nguvu, na yanatosha kuonyesha kwa nini doria isitawanywe sawasawa kila mahali. Hata hivyo, simu inaeleza nani aliita polisi, na rekodi ya ukamataji inaeleza polisi walikwenda wapi. Tukiwarudisha askari palepale kwa sababu walikamata watu pale, rekodi zitazidi kukua na zitaonekana kuthibitisha uamuzi wetu. Mwaka 2020 mji wa Santa Cruz huko California ulipiga marufuku matumizi ya programu za kutabiri uhalifu katika kazi ya polisi, na nadhani kila anayesomea kazi hii anapaswa kuzijua hoja za pande zote mbili. Msimamo wangu siuyumbishi: doa kwenye ramani halimfanyi mpita njia kuwa mtuhumiwa.

Saa 10 jioni ni zamu ya mashtaka. Tunachunguza majalada manne yanayodhaniwa kuwa ya mtu mmoja, kwa kuwa katika yote mwizi aliingia kupitia dirisha la nyuma. Nawauliza ni wezi wangapi wengine huingia kwa dirisha la nyuma. Mfanano unaopatikana kila mahali hauunganishi majalada, na wakili wa utetezi atalisema hilo mbele ya hakimu. Vivyo hivyo, kila mstari katika mchoro wa mawasiliano ya simu lazima uonyeshe umetoka kwenye rekodi ipi.

Jioni nasahihisha ripoti. Mmoja ameandika kwamba wizi umeongezeka kwa asilimia 100, na jedwali lake linaonyesha matukio mawili yamekuwa manne. Ninamtaka aandike idadi yenyewe, tena alinganishe na miezi mingine. Mwishoni amependekeza “doria iongezwe.” Pembeni namwandikia maswali ambayo mkuu wa kituo atamuuliza: mtaa upi, saa zipi, askari wakifika wafanye nini, na baada ya mwezi tutapima nini ili kujua kama imesaidia. Atayajibu kesho saa 2, kabla hatujafungua faili jipya.