Mtaala niliouanza upya kwenye benchi la wagonjwa

Nilipopewa kazi ya kuwafundisha Kiswahili wauguzi na madaktari wageni katika hospitali moja hapa Mwanza, mtaala niliuandika kwa siku mbili tu. Nilikuwa nimefundisha sekondari miaka kumi na moja, nikashika njia niliyoizoea: wiki ya kwanza ngeli ya A-WA, ya pili U-I, ya tatu LI-YA, kisha nyakati, na dhamira tegemezi, yaani umbo la kuomba kama "ulale" badala ya "lala", ikangoja wiki ya kumi. Wanafunzi walikuwa wanane, wengi Wajerumani na Waholanzi. Mtihani wa mwisho walifaulu wote, na wa chini kabisa alipata 71.

Haikupita wiki, mama mmoja wa Igoma akarudi na mtoto, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Mwanafunzi wangu aliyeongoza darasa ndiye aliyemwelekeza kumpa mtoto dawa ya maji "saa nane na saa nane". Alikusudia saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, ila namba aliitoa kwenye saa ya kwao. Mama alisikia kama atakavyosikia yeyote wa hapa, na siku tano mfululizo aliamka usiku wa manane kumwamsha mtoto anywe dawa. Mtoto hakudhurika, maana saa kumi na mbili kati ya dozi na dozi zilitimia vilevile. Mimi niliumia sana. Somo la saa nililiweka mwishoni, pamoja na siku na miezi, na kwenye mtihani lilikuwa na swali moja la kuchora mishale.

Chuoni tulikariri maswali manne ya mtaalamu wa mitaala Ralph Tyler ya mwaka 1949, la kwanza likihusu malengo. Swali nililijua, lakini malengo niliyatoa kwenye kitabu cha sarufi, nisimuulize mtu hata mmoja atakayeongea na hao wauguzi.

Nikaomba ruhusa kwa uongozi, nikakaa asubuhi sita kwenye benchi la mapokezi na daftari. Sikuandika jina la mtu, niliandika maneno. "Nasikia kizunguzungu." "Miguu inakufa ganzi." "Mwili unawaka moto." "Leo siku ya tatu sijapata choo." Wanafunzi wangu walijua kusikia ni kazi ya masikio, basi. Hakuna ukurasa niliowaeleza kwamba kwetu baridi inasikika, njaa inasikika, na maumivu pia.

Kwenye benchi hilo niliona pia jambo ambalo nilipaswa kulijua tangu mwanzo. Wazee wengi waliotoka Magu, Sengerema au visiwani Ukerewe, Kiswahili kwao nacho ni lugha ya pili. Nyumbani wanaongea Kisukuma, Kikerewe au Kijita. Muuguzi anahangaika na mgonjwa anahangaika, kila mmoja kwa namna yake. Kwa hiyo nilikata sentensi ndefu zote kwenye vitini, na somo la kwanza likapata "mwangaluka" kando ya "shikamoo". Sura ya mzee wa Kisukuma inavyofunguka akiamkiwa hivyo asubuhi, sihitaji kueleza.

Badiliko lililozaa zaidi ni mpangilio. Dhamira tegemezi niliihamisha kutoka wiki ya kumi hadi ya kwanza, kwa sababu wageni walikuwa wanawaambia bibi zetu "Lala!" na "Vua!" bila kujua wanaamrisha. "Bibi, naomba ulale hapa nikupime" ni sentensi ya siku ya pili, hata kama mwanafunzi bado hajui kuichambua. Nazo ngeli nilizipitishia mwilini. Kichwa kinauma, jicho linauma, macho yanauma, mkono unauma, miguu inauma, shingo inauma, mbavu zinauma: kwa kugusa mwili wake kutoka juu hadi chini, mwanafunzi amekutana na KI-VI, LI-YA, U-I, I-ZI na U-ZI, tena kwa kitenzi kimoja. Jedwali la ngeli walilipata wiki ya sita, na wengi walikuwa wameshalijaza wenyewe.

Malengo niliyaandika upya kwa kuanza na neno "anaweza", kama wanavyofanya kwenye ngazi za umahiri wa lugha za Baraza la Ulaya za mwaka 2001, A1 hadi C2, ambazo wageni wanazifahamu. Anaweza kueleza dozi. Anaweza kuuliza maumivu yalianza lini. Kutoa habari za kifo sikuweka. Kwa hilo niliwaambia wamwite muuguzi mwenyeji, na msimamo huo sijaubadilisha.

Tathmini ndiyo iliyonichukua muda. Michael Scriven, mtaalamu wa tathmini, alitenganisha mwaka 1967 tathmini ya kurekebisha kazi inapoendelea na ile ya kuihukumu ikishakwisha. Mimi nilikuwa na ya pili peke yake. Sasa kila Ijumaa nawaalika mama lishe wawili na mzee mmoja fundi baiskeli, nawalipa posho, wanakaa kama wagonjwa. Mwanafunzi anaeleza dawa, kisha anauliza, "Mama, nyumbani utaitumiaje?" Mama akirudia sawasawa kwa maneno yake, mwanafunzi amefaulu. Akikosea, hajafaulu, hata kama sarufi imenyooka. Mholanzi mmoja aliyechanganya ngeli kila sentensi alifaulu mara zote, kwa kuwa alisema polepole, akaonyesha vidonge kwa vidole, na saa alizitaja pamoja na chakula: "viwili ukishakula asubuhi, viwili ukishakula usiku."

Miezi mitatu baada ya kozi nilirudi kwenye benchi lile lile, kusikiliza tu. Saa hazikosewi tena. Ila "sijapata choo" bado kuna anayeelekeza mgonjwa mlango wa chooni, na ukurasa huo ndio ninaouandika wiki hii.