Vyumba 24 vya bibi

Bibi yangu wa Mpwapwa hakuwahi kuwa na tepu. Alishona vitambaa vya drafti tu, vile vya miraba, na vipimo vyake vyote vilikuwa vya kuhesabu hiyo miraba, ambayo yeye aliita vyumba. Gauni la mtoto wa miaka sita: vyumba 24 kwenda chini, 14 kifuani, ongeza viwili vya upindo. Mama alishona hivyo hivyo. Mimi nikarithi cherehani ya mkono na karatasi ya daftari yenye hesabu hizo.

Desemba iliyopita nikajitapa kwamba watoto wangu watatu watavaa Krismasi nguo nilizoshona mwenyewe. Sokoni Majengo nikaona drafti ya bluu na nyeupe, nikanunua yadi kadhaa, elfu ishirini na kitu hivi. Muuzaji akaniambia, "Dada, drafti ndiyo rahisi kuliko zote, unafuata mistari tu." Huyo nina ugomvi naye hadi leo.

Nikahesabu 24 kwa kidole, nikakata, nikashona, hadi kola nikaweka. Nikamwita binti aje ajaribu. Gauni likaishia kiunoni! Mtoto akajigeuza mbele ya kioo akasema, "Mama, blauzi nzuri." Baba yake akatoka nje eti anaangalia pikipiki. Mimi nikamsingizia mtoto kwamba amerefuka ghafla, nikalala na hasira.

Usiku nikiifunika cherehani na kile kitambaa chakavu cha drafti alichokiacha bibi, nikakilaza juu ya kile kipya. Chumba cha bibi ni inchi nzima. Changu hakifiki, ni kama robo tatu. Kumbe vyumba vyangu 24 vilikuwa inchi 18, na mimi nilihesabu kwa uaminifu kabisa.

La pili nikalishona kwa tepu, urefu ukakaa, lakini pale ubavuni mistari ikapishana kama ngazi ya dari. Nikageuza kitambaa, ndipo nikajua nimeuziwa nini. Upande wa ndani rangi ilikuwa imefifia, maana yake ile drafti imechapwa juu, haikufumwa. Nikavuta uzi mmoja kutoka ukingoni hadi mwisho: uzi ukaenda huku, mstari ukaenda kule. Hapo ufuate upi? Drafti ya kufumwa iko sawa pande zote mbili, na mistari yake ndiyo nyuzi zenyewe. Siku hizi nikiwa sokoni nageuza kwanza ndipo naulizia bei.

Nikarudi kununua nyingine, ya kufumwa. Hii nikaifua kabla ya kuigusa na mkasi, kwa maji yetu haya ya chumvi ambayo sabuni haitoi povu, ikarudi karibu upana wa kidole. Pini nikachoma kila baada ya mistari mitatu, mstari juu ya mstari, na nilipopiga cherehani nikachomoa moja moja sindano inapokaribia. Shingo na mikono mnajua wenyewe.

Ila mfuko ndio nataka niusimulie vizuri. Kuulinganisha mfuko na drafti ya gauni ni kazi ya kulia machozi, nimefumua mara nne. Mara ya tano nikaukata mshazari, miraba ikasimama kwa pembe kama almasi. Hapo hakuna cha kulinganisha tena, na kila anayeuona anadhani ni mtindo. Jirani yangu, fundi kabisa mwenye kibanda, aliniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia ni mambo ya ukoo.

Krismasi watatu wote walipendeza, ingawa binti alikwenda kanisani na ile "blauzi" na sketi yake ya zamani. Hataki kusikia jingine.

Kwenye karatasi ya bibi nimeongeza kwa kalamu nyekundu: chumba kimoja ni inchi moja. Mama alipokuja akaisoma, akavua miwani, akaniuliza, "Kwani kuna mtu halijui hilo?"