Ninavyotumia na kuitunza chenso: cheni, mafuta na kuangusha mti

Kwenye paina na milingoti ya Mufindi, kitu cha kwanza ninachokitazama kwenye chenso, yaani msumeno wa injini, ni kile kinachodondoka chini ya mkato. Cheni kali hutema maranda yanayoshikika kwa vidole. Ikianza kutema unga, imekufa makali, hata kama injini inanguruma vizuri. Na hapo ndipo ajali nyingi zinapoanzia, kwa sababu mkataji mwenye cheni butu huusukuma msumeno kwa nguvu za mwili. Gogo likikatika ghafla, mwili unaufuata msumeno. Bamba, yaani kile kipande kirefu cha chuma kinachozungukwa na cheni, nalo huchemka hadi kubadilika rangi, klachi inateleza, petroli inaisha upesi.

Kunoa nafanya mwenyewe, palepale msituni, kila nijazapo tangi au mara tu cheni inapogusa mchanga. Nazima injini, navaa glavu, nalibana bamba kwenye mkato mfupi niliouchonga juu ya kisiki, nafunga breki ya cheni ili isizunguke. Tupa lazima iwe ya duara na iendane na cheni, ambayo ukubwa wake hutajwa kwa sehemu za inchi: ya 3/8 kubwa hunolewa kwa tupa ya 5.2 mm au 5.5 mm kulingana na mtengenezaji, ya .325 kwa 4.8 mm, na ile ndogo ya 3/8 ya misumeno myepesi kwa 4.0 mm. Namba huandikwa kwenye boksi la cheni. Tupa nene kupita kiasi haifiki kwenye kona ya jino, nyembamba inalichimba chini.

Naisukuma tupa upande mmoja tu, kutoka ndani ya jino kwenda nje, kwa pembe ya nyuzi 30. Meno mengi yana mstari mdogo juu yake unaoonyesha pembe hiyo. Karibu sehemu moja ya tano ya unene wa tupa inabaki juu ya jino. Nikiirudisha, naiinua, kwa maana kuikokota kurudi nyuma kunaua tupa. Naanza na jino fupi kuliko yote, nahesabu misukumo, miwili au mitatu, kisha kila jino linapata hesabu ileile. Namaliza meno ya upande mmoja ndipo nahamia upande wa pili. Msumeno unaokata kwa kupinda mara nyingi una meno marefu upande mmoja kuliko mwingine, au bamba lililolika upande mmoja.

Wengi huishia hapo, wakakisahau kinundu kilicho mbele ya kila jino. Kinundu hicho ndicho kinachoamua jino litakula mti kiasi gani, na kwenye cheni nilizozitaja juu huwa chini ya ncha ya jino kwa 0.65 mm. Jino likifupika kwa kunolewa, kinundu kinabaki juu, na cheni kali itatema unga vilevile. Kila baada ya kunoa mara nne au tano naweka kipimo cha bati juu ya cheni na kupunguza kwa tupa bapa kile kinachochomoza, basi. Ukikishusha mno, jino linang'ata kupita kiasi na msumeno unaanza kupiga mateke, yaani kuruka ghafla kumrudia mkataji. Jino likibaki 4 mm, cheni hiyo ni ya kutupa.

Cheni naikaza ikiwa ya baridi, ncha ya bamba nikiwa nimeiinua kwa mkono. Iguse chini ya bamba bila kuning'inia, na bado niweze kuivuta kwa vidole. Ya moto hurefuka, kwa hiyo aliyeikaza ikiwa moto ailegeze kazi ikiisha. Ikipoa husinyaa na kuubana mhimili wa injini.

Mafuta hupimwa, hayakadiriwi kwa kifuniko cha soda. Oili nzuri ya tustroki naichanganya moja kwa hamsini: 20 ml kwa lita moja ya petroli, 100 ml kwa dumu la lita tano. Oili ambayo kopo lake linasema moja kwa 25 inataka 40 ml kwa lita. Kipimo changu ni bomba la sindano la 20 ml la duka la dawa, bila sindano yake. Naweka nusu ya petroli kwenye dumu, oili, natikisa, kisha naongeza petroli iliyobaki. Kabla ya kujaza tangi natikisa tena. Oili ikipungua, pistoni inakwaruza silinda na injini inakwisha. Ikizidi, plagi inajaa masizi na ekzosi inaziba. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi siutumii.

Injini ikilia kwa sauti kali ya juu na isishuke haraka unapoachia mafuta, izime. Inavuta hewa mahali pasipostahili: mpira wa mafuta umepasuka au kabureta imelegea. Kukaza skrubu ya H ya kabureta, inayopunguza petroli, ili injini izunguke kasi zaidi ni kuichoma pistoni. Cheni ikizunguka wakati injini iko silensa, yaani inanguruma bila kuongezwa mafuta, nafungua kidogo skrubu ya silensa. Isiposimama, springi za klachi zimechoka.

Oili ya cheni ni kitu kingine, na hapa nina msimamo mkali: oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari siiweki. Ina unga wa chuma unaokula bamba na pampu, na inarushwa usoni na mikononi mwa mkataji siku nzima. Kama ya cheni haipatikani, oili mpya ya SAE 30 inafaa. Kujua kama inafika, naielekeza ncha ya bamba kwenye kisiki cheupe, umbali wa 20 cm, naongeza kasi ya injini. Mstari wa oili lazima uonekane. Tangi zote mbili hujazwa pamoja, injini ikiwa imepoa, na msumeno huwashwa hatua tatu kutoka pale petroli ilipomiminwa.

Kuwasha ni chini: breki imefungwa, mkono wa kushoto kwenye mshikio wa mbele, buti ndani ya mshikio wa nyuma. Kuidondosha huku ukivuta kamba hewani ni hatari tupu. Wakati wa kukata, kidole gumba cha kushoto kinauzunguka mshikio, na robo ya juu ya ncha ya bamba haigusi kitu, kwani hapo ndipo teke linapotoka. Sikati juu ya mabega. Kofia ngumu, kinga ya masikio, miwani na suruali yenye nyuzi zinazonasa cheni huvaliwa hata jua likiwaka.

Kwa mti wa kipenyo cha 40 cm, mdomo, yaani mkato wa kabari, naukata wenye kina cha 10 cm upande unakoangukia. Mkato wa nyuma huwa juu kidogo ya sakafu ya mdomo, na kati ya mikato hiyo miwili naacha bawaba, yaani ukanda wa mti wa 4 cm, bila kuikata. Bawaba ndiyo inayouongoza mti. Aliyeikata yote ameuachia uende unakotaka. Kabari inaingia nyuma mapema, kabla mti haujakaa juu ya bamba. Njia ya kutokea naisafisha kabla ya kuanza, mshazari kwenda nyuma, na wenzangu husimama umbali wa zaidi ya mara mbili na nusu ya urefu wa mti. Wa mita 20, basi mita 50.

Mlingoti ulioegemea unahitaji heshima zaidi. Ukiukata nyuma kwa kawaida, shina hupasuka kwenda juu na kurusha kipande kinyumenyume, kifuani pa mkataji. Nikishamaliza mdomo, natoboa shina nyuma ya bawaba kwa kuanza na sehemu ya chini ya ncha ya bamba, nakata kurudi nyuma na kuacha utepe wa mti usiokatwa. Utepe huo naukata mwisho kabisa, nikiwa nimesimama pembeni. Asiyewahi kufundishwa kutoboa amwite anayejua. Na mti ulionasa kwenye mwingine hauendewi chini, wala haukatwi ule ulioushikilia. Unavutwa kwa kamba ndefu au kwa winchi, kutoka mbali.