Nilivyoizoea Kampala na Kiswahili changu cha Tanga

Watu wa nyumbani wanaotaka kuja huku wananiuliza sana kuhusu chakula na bei ya chumba, ila mimi kilichonivuruga ni Kiswahili chenyewe. Tanga ukitoa shikamoo yako vizuri mzee anakupokea kama mwanawe, sasa nilipoanza kuuza vitenge Kikuubo, mtaa wa maduka hapa Kampala, nikawa nawachangamkia wateja, karibu mama, pita ndani uangalie, mtu anakaza uso, wengine wanageuka wanaenda duka la pili. Nikirudi chumbani naumia, najiuliza hawa watu nimewafanya nini.

Mzee mmoja wa duka la jirani ndo alinielewesha. Akasema, binti, sisi tuliokuwepo enzi za Amin, askari akigonga mlango usiku alikuwa anaongea lugha hiyo. Jeshini ilikuwepo tangu wakati wa Waingereza, na baadae wezi nao wakawa wanatishia watu nayo. Aliongea taratibu, bila hasira, huku anakunja vitambaa vyake, nami nikakosa la kusema. Ni kweli katiba yao inakitaja Kiswahili kama lugha rasmi ya pili tangu 2005, na 2022 serikali ikapitisha kiwe lazima shuleni, lakini aliyegongewa mlango usiku ule bado anaukumbuka jamani.

Nikaanza kusalimia kwa Kiganda kabla ya kutaja bei. Asubuhi wasuze otya nnyabo, yaani umeamkaje mama, mchana gyebale ko ssebo, yaani pole na kazi bwana, na sikatizi salamu maana hapa inaenda na kurudi, mmm, eee, mpaka iishe yenyewe. Matamshi walinirekebisha wateja wenyewe na walifurahi kweli. Nikishasalimia hivyo, Kiswahili kikifuata hakimshtui mtu, na wengi wanakielewa kuliko wanavyoonyesha.

Chakula hakikunisumbua. Jjajja, yaani bibi mwenye nyumba, anafunga matooke, ndizi za kupika, kwenye majani ya mgomba yaive kwa mvuke, halafu anayakanda kwa mikono juu ya majani hayohayo yakiwa ya moto mpaka yanakuwa laini ya njano, anamwagia mchuzi wa karanga. Nazi tu ndo naikosa.

Kazi ilikuwa kwenye kupiga magoti. Wajukuu zake wa kike wakimsalimia mgeni wanashuka mpaka chini hata kama ni kwenye vumbi, na mimi nimesimama. Magoti mimi nilijua ni ya kwenye swala. Nikamwambia jjajja wazi kwamba siwezi kumshukia kila mtu, tukakaa tukaongea vizuri, akasema ukikunja goti kidogo na kuinamisha kichwa inatosha, mtu aone umemjali. Basi kwa wazee nakunja. Kwenye kwanjula ya rafiki yangu, sherehe ya bibi harusi kumtambulisha bwana kwao, upande wa bwana ulipofika, nilishuka mkekani na wenzangu kwa hiari yangu kabisa. Ila wateja wa kiume wa rika langu wanaotegemea niwapigie magoti dukani, hao nawapa salamu nzuri nikiwa nimesimama, na wananunua.